Kabla ya Kufungua Darubini kwa Umma Kando ya Ziwa, Waulize Wavuvi wa Dagaa

Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya fizikia katika chuo kimoja hapa Mwanza. Pamoja na kuandaa majaribio ya wanafunzi, nimekabidhiwa funguo za kijumba chetu cha darubini, ambacho jioni fulani za kila mwezi hufunguliwa kwa yeyote anayetaka kutazama anga: mwanafunzi, mama muuza samaki, dereva wa bodaboda, mtoto aliyekuja na kaka yake. Walimu wa Bukoba na Musoma wamekuwa wakinipigia simu wakiuliza waanzie wapi nao wakitaka kuwa na kituo kama hiki. Nimeona niandike yote mara moja, kwa sababu fedha nyingi tulizotumia mwanzoni hazikutusaidia, na jambo lililokiokoa kituo halikugharimu hata senti. Lilikuwa ni kujua tufungue usiku gani.

Nianze na darubini yenyewe, maana ndipo wengi wanapopotelea. Fedha zilipopatikana, kamati ilitaka kitu cha kuonekana. Tukaagiza darubini yenye kioo cha milimita 200, imekaa juu ya kitako cha ikweta chenye vyuma vinavyong'aa na vizito vya kusawazisha. Kitako cha namna hiyo ni kizuri mno huko kilikobuniwa. Unaelekeza mhimili wake mmoja kwenye ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka, kisha unaifuata nyota kwa kuzungusha upande mmoja tu. Lakini ncha ya anga huinuka juu ya upeo kwa digrii zilezile za latitudo ya mahali ulipo. London ni digrii 51 na ushee. Mwanza ni mbili na nusu tu. Chetu kiligoma kushuka kabla ya kufika digrii 20, na tulipokilazimisha kwa kuinua mguu mmoja wa nyuma, kile kizito kikawa kinagonga mguu wa mbele kila tukizungusha. Halafu ile nyota ya kaskazini ambayo maelekezo yanasema uilenge, sisi iko chini ya upeo, hatuioni kabisa. Na ncha ya kusini imelala juu kidogo tu ya vilima.

Muuzaji alijua tuko wapi, anwani ilikuwa kwenye ankara, na hakututahadharisha. Kukirudisha hakukuwezekana. Usafirishaji, malipo ya wakala wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ukijumlisha na gari la kutoka Dar es Salaam hadi huku, vilikuwa vimekaribia bei ya darubini yenyewe. Hilo mlipigie hesabu mapema: bei iliyo kwenye tangazo ni kama nusu tu ya gharama.

Tuliponea kwa fundi seremala wa Mabatini. Tulimpelekea picha na vipimo, akatuundia sanduku la plaiwudi la kubeba bomba la darubini, kwa mtindo alioueneza John Dobson, mzee wa San Francisco aliyekuwa akitoa darubini barabarani ili wapita njia watazame, tangu miaka ya 1960. Sanduku linazunguka juu ya ubao, bomba linapanda na kushuka kwenye vipande vya tefloni, basi. Hakuna mota wala waya, na umeme ukikatika wageni hawajui kama umekatika. Kama unaanza leo, nunua ya aina hiyo tangu mwanzo, au nunua bomba peke yake na umpe kazi seremala wa kwenu. Ina shida moja inayotuhusu sana sisi wa karibu na ikweta: ikielekezwa utosini inakuwa ngumu kuongoza, na huku kwetu mwezi na sayari hupenda kupita karibu na utosi. Nitalirudia hilo nikifika kwenye ratiba.

Kuhusu jengo nitasema jambo moja tu. Tulijenga juu ya mwamba kwa sababu pana upenyo mzuri wa kuona ghuba upande wa magharibi, na kwa sababu Mwanza ni jiji la miamba. Lakini itale inayoshinda juani haipoi jua likizama. Inatoa joto hadi usiku, na ukitazama kupitia hewa hiyo, sayari ya Mshtarii (Jupita) hutetemeka kama sarafu iliyo chini ya maji. Kwetu picha hutulia baada ya saa tatu usiku. Paa letu la mabati, linalosogezwa kwenye reli, tunalifungua mapema jioni, jua likishateremka vya kutosha lisiingie ndani ya bomba, ili kioo kipoe taratibu. Aliye na kiwanja chenye nyasi ajenge hapo, aachane na mwamba hata kama unapendeza kwenye picha.

Sasa nije kwenye mwaka wetu wa kwanza, ambao ulinikatisha tamaa mpaka nikawa sitaki kuulizwa habari za kituo. Maelekezo yote tuliyosoma yalisema usiku wa darubini ni usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo. Tukapanga hivyo. Tukabandika matangazo kwenye vituo vya daladala, tukapeleka barua shuleni, tukalipa posho ya mlinzi. Watu wakaja wachache, na waliokuja hawakurudi.

Ukikaa nao ungeelewa. Njia ya kupanda kwenye mwamba ilikuwa giza, akina mama wakihofia nyoka na watoto kuteleza. Tulichowaonyesha kilikuwa vitu hafifu. Wingu la Eta Carinae, wingu la gesi lililo mbali kati ya nyota, ambalo mimi nikilitazama nashindwa kuondoka kwenye lenzi, kwa mtu wa mara ya kwanza ni doa la kijivu. Alikuwa akitazama, ananyamaza kidogo, anasema ahsante kwa adabu, anampisha mwenzake. Na lile giza lenyewe halikuwepo. Ghuba nzima ilikuwa imewashwa taa. Zamani wavuvi wa dagaa walitumia karabai. Siku hizi wengi wana taa za sola zenye mwanga mweupe mkali, na usiku wa giza zinapangana majini mpaka mbali. Upande wa magharibi anga lilipauka hadi juu.

Mwenzetu mmoja akaandika rasimu ya barua kwa uongozi wa mwalo, kuwaomba wavuvi wapunguze taa usiku wa maonyesho. Nashukuru barua ile haikutumwa. Wakati huohuo kukawa na maneno chuoni kwamba kijumba kigeuzwe stoo ya viti vibovu, na kusema kweli sikuwa na hoja ya kukitetea.

Kilichobadilisha mambo ni kupatwa kwa mwezi tarehe 7 Septemba 2025. Ilikuwa Jumapili. Kivuli cha dunia kilianza kuula mwezi saa moja na dakika 27 usiku, ukafunikwa wote kuanzia saa mbili na nusu, na ukabaki hivyo, mwekundu wa kutu, kwa dakika 82. Tulikuwa tumetangaza kidogo tu, kwa kukata tamaa. Watu walipanda ule mwamba kuanzia jua kuzama, wengine na mikeka, wengine na chupa za chai, watoto migongoni. Darubini ilikuwa na foleni, lakini wengi hawakuihitaji. Mwezi ulipozidi kufifia, nyota ambazo mbalamwezi ilikuwa imezificha zikatokeza moja moja, na sayari ya Zohali ikaonekana chini kidogo ya mwezi, upande wa mashariki. Nilisimama nikieleza kwa sauti kwa nini mwezi hauzimiki kabisa: mwanga wa jua unapita kwenye hewa inayoizunguka dunia, wa buluu unatawanyika njiani, mwekundu unapinda na kuufikia mwezi. Mama mmoja akauliza, basi ule wekundu ni wa machweo yetu sisi? Nikamwambia ndiyo mama, ni machweo na macheo ya dunia nzima kwa pamoja. Nimefanya kazi maabara muda mrefu na sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo.

Kati ya waliokuja kulikuwa na kundi la wavuvi. Nilishangaa kuwaona, nikamwambia mzee wao kwamba nilidhani saa hizi wangekuwa majini. Akacheka. "Mwalimu, mbalamwezi hii nani anavua dagaa? Nyie mnafungua siku tulizo kazini. Leo ndiyo mmetukuta nyumbani."

Tulikaa naye kwenye jiwe tukaongea mpaka kivuli kikaanza kuuachia mwezi. Alinieleza kazi yao kwa utaratibu. Dagaa hukusanyika kwenye taa wakati wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mwanga uko kila mahali, dagaa hawana sababu ya kuifuata taa moja, kwa hiyo siku hizo wanashona nyavu, wanarekebisha mitumbwi, wanalala. Mwezi ukiwa mchanga wanausubiri uzame ndipo wawashe. Anajua bila kuangalia popote kwamba mwezi wa siku ya tano utazama saa ngapi, kwa sababu chakula cha nyumbani kwake kinategemea hilo. Mimi nilikuwa na programu ya kompyuta inayonipa yote hayo hadi dakika, na sikuwahi kuyatumia kupanga maisha ya mtu.

Tukaigeuza ratiba. Sasa tunafungua kwa umma mwezi unapokuwa wa siku ya nne hadi ya saba tangu uandame, na tunakutana na matunda yake kila mara. Mwezi wa siku hizo ndio unaopendeza kuliko vitu vyote kwenye darubini ndogo, kwa sababu jua linaupiga kwa ubavu, na pale mwanga unapokutana na giza kila shimo lina kivuli chake. Mwezi mpevu, ambao watu wengi hudhani ndio bora, hauna vivuli na unaumiza jicho. Njia inaonekana bila tochi. Jua likizama, kwenye saa moja kasorobo, mwezi wa siku ya tano uko juu kiasi cha kuridhisha upande wa magharibi, na saa mbili umefika nusu ya njia kwenda chini, mahali ambapo sanduku letu linazunguka vizuri na jicho la mtu mzima linafika bila ngazi. Ukichelewa hadi siku ya nane, jua linapozama mwezi uko utosini, na hapo ndipo ile shida ya sanduku inapokukuta. Subiri hadi saa tatu usiku au ahirisha. Na wavuvi jioni hiyo bado hawajawasha, kwa hiyo hata anga la magharibi linatuachia nafasi. Saa nne tunafunga, wao wanaingia majini.

Usiku wa giza hatukuuacha. Tumeuweka kwa wanafunzi wetu na wachache wanaopenda kweli, kuanzia saa tano, na tunatazama kusini na juu badala ya magharibi. Kuna raha ya pekee Mei, usiku ukiwa safi, kuona Msalaba wa Kusini upande mmoja na lile kundi la nyota saba la kaskazini upande wa pili kwa wakati mmoja. Wanaoishi mbali na ikweta hawana bahati hiyo.

Kuhusu miezi ya mwaka, usiamini kwamba kiangazi ni bora moja kwa moja. Juni hadi Agosti mawingu ni machache lakini moshi wa kuchoma mashamba na vumbi hulifanya anga kuwa la maziwa karibu na upeo. Januari na Februari, siku mbili tatu baada ya mvua, ndipo tulipoona anga safi kuliko zote. Masika tunapumzika. Usiku wa manane ziwa hutengeneza radi zake lenyewe, kwa sababu maji yanabaki na joto wakati nchi kavu imepoa, na upepo unakusanyika katikati yake. Mkiona mimweko upande wa ziwa, hata kama juu yenu kuna nyota, shukeni. Mwamba wenye paa la mabati si mahali pa kusubiria radi.

Sasa foleni, ambayo hakuna aliyenifundisha. Dunia inazunguka, na darubini isiyo na mota inaachwa. Kwa lenzi ya milimita 10, inayokuza mara 100, kitu hupita kutoka ukingo mmoja wa duara hadi mwingine kwa dakika mbili hivi. Mtu wa tatu anakuta giza tupu, anaona aibu kusema, anajibu "nimeona" na kuondoka. Nilikuja kugundua kwamba wengi waliosema wameona hawakuwa wameona chochote. Tumia lenzi ya milimita 25, inayokuza mara 40, una dakika karibu tano. Na usiulize "umeona?" Uliza "mwanga uko upande gani, na giza upande gani?" Akikujibu sawasawa, kweli ameona.

Kuna bibi alikuja akishikwa mkono na mjukuu. Nilimsalimia kwa Kisukuma, "Mwadila mayu," akafurahi, akainama, akaishika bomba kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kuituliza. Mwezi ukakimbia. Nikaurudisha, akalishika tena. Mjukuu akaanza kumwambia twende bibi, tunachelewesha watu. Tukamleta kigoda, akaketi, tukampa khanga yake ashike mapajani ili mikono iwe na kazi, mjukuu akamfunika jicho la kushoto kwa kiganja. Alikaa kimya, kichwa kikitafuta, kisha kikatulia. Akasema kuna mashimo. Kisha akasema, kuna shimo moja lina kilima katikati. Ni kweli, mashimo makubwa ya mwezini mengi yana kilima katikati, na wanafunzi wetu wengi hukipita bila kukiona. Tangu siku hiyo vigoda viko viwili, kirefu na kifupi, na mzee au mgonjwa hapangi foleni. Vigoda hivyo vimetusaidia kuliko lenzi yoyote ya ziada tuliyoagiza.

Waambieni watu ukweli kabla hawajapanda. Machi 2025 pete za Zohali zilikuwa zimetukabili kwa ukingo, na mwaka ule wote zilibaki mstari mwembamba. Watu waliokuwa wameona picha za vyombo vya anga walidhani tumewadanganya. Zinafunguka tena mwaka hadi mwaka, lakini siku ile ni wajibu wako kueleza. Mshtarii haiwaangushi watu kamwe: ile miezi minne aliyoiona Galileo mwaka 1610 inaonekana wazi, na ukirudi kesho yake imebadilishana nafasi.

Watakuja pia wanaotaka kusafishiwa nyota au kujua kama biashara itachanganya. Usiwacheke. Mimi huwaambia kwa heshima kwamba hapa tunatazama tu, hatutabiri, kisha nawakaribisha watazame. Wengi hukaa hadi mwisho. Na wazee wa misikiti ya jirani huja jioni za mwandamo, kwa kuwa upeo wetu wa magharibi uko juu ya maji. Hatuamui chochote; tunawapa mahali pa kusimama na kuwaonyesha upande, wao ndio wanaoamua. Huku kwetu mwezi mwandamo hukaa pembe zikitazama juu, tofauti na picha za vitabu vya ng'ambo, na ni vizuri kijana wa zamu alijue hilo asije akawaelekeza vibaya.

Mchana darubini ifungwe kwa kufuli. Kuielekeza kwenye jua bila kichujio cha mbele ya bomba ni kumpofusha mtu papo hapo, na watoto ni wepesi.

Adui wetu mkubwa kando ya ziwa ni unyevu. Lenzi mbili za kwanza ziliota kuvu, nyuzi nyuzi kama za buibui ndani ya kioo, na hazikusafishika. Sasa lenzi zinakaa kwenye kisanduku cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, pamoja na punje za silika za kunyonya unyevu, zinazokaushwa jikoni kila mwezi. Kioo kikubwa hakifutwi kwa kitambaa hata siku moja. Kikichafuka sana kinaoshwa kwa maji yaliyokenekwa (distilled) pamoja na tone la sabuni ya vyombo, kinaachwa kikauke kimesimama. Wale wadudu wa ziwani wanaotoka kwa mawingu hufuata taa nyeupe, wakifia kwenye kioo ni kazi ya juma zima, kwa hiyo ndani ya kijumba tunatumia tochi zilizofungwa nailoni nyekundu, ambazo pia hazimwondolei mtu uwezo wa kuona gizani.

Kwenye fedha tulijaribu kiingilio. Kikawafukuza wale tuliowataka zaidi, tukakifuta. Sasa shule zinazokuja kwa basi huchangia kidogo, na chuo kinalipa mlinzi. Inatosha kwa silika, betri na rangi ya mbao. Haitoshi kwa kioo kipya siku hiki kitakapochakaa, na hilo nimeshaliandikia.

Linalonipa kazi zaidi sasa ni watu wa zamu. Mwanafunzi akishaijua darubini vizuri anahitimu na kuondoka. Tunachukua wa mwaka wa kwanza, tunawaweka kwanza kwenye foleni na vigoda kwa muhula mzima kabla hawajagusa bomba. Wengine hulalamika kwamba walikuja kujifunza nyota. Baada ya muhula huo wanajua kuuliza "giza liko upande gani," wanajua kumsubiri mtu, na kuongoza bomba wanajifunza jioni moja.